Kasorobo

Kila Jumamosi saa moja jioni
mama hufundisha kufuma kitambaa cha dhaka
mbele ya simu niliyoifunga kwa uzi kwenye mtambo wake.
Wanafunzi ni mabinti wa majirani wa zamani, waliotoka Myanglung
na begi moja moja:
Dilmaya anamenya viazi hotelini Lisbon,
Phungma yuko Adelaide, Arunika Toronto.
Kazi yangu mimi ni ratiba.

Wiki ya kwanza niliandika "saa moja jioni", basi,
na kila mtu akaisoma kwa jua lake.
Arunika aliingia mama akiwa zizini anakamua,
akangoja, uzi mwekundu mapajani,
hadi chai yake ikapoa.

Wiki ya pili nikapata jedwali la bure,
lenye kijisanduku: *mko mbele kwa saa ngapi?*
Nikaandika: sita kasorobo.
Likakataa.
Linataka namba nzima, tano au sita,
chagua, likasema, kwa herufi nyekundu,
kana kwamba dunia imepasuliwa kwa shoka
na vibanzi havihesabiwi.
Lakini sisi ndio kibanzi. Hiyo kasoro ndiyo kwetu.
Nikaweka sita, kwa aibu,
na wote wakafika robo saa kabla,
wakakitazama kiti kitupu, na paka.
"Mbona wanawahi hivi?" mama akauliza akijifuta mikono.
"Huko hakuna kazi?"

Basi nikaacha kutunza saa ya mahali popote.
Ninatunza namba moja ndefu, ya sekunde,
isiyo na asubuhi, isiyojua jogoo.
Mgeni akifungua ukurasa
ninaiuliza simu yake kwa sauti ya chini: uko wapi?
Simu ikijibu, ukurasa unaandika:
kwa Dilmaya, saa saba na robo mchana,
kwa Arunika saa mbili na robo, mkate bado moto,
kwa Phungma sita kasorobo usiku, maskini,
anafuma mumewe akikoroma.
Machi, Ureno walipoisogeza saa yao mbele
nilikesha nikiogopa.
Ukurasa ukasogea wenyewe. Nane na robo. Sikugusa kitu.

Nikamweleza mama, kwa majivuno:
ile namba ni mtande, saa zao ni mshindio.
Akasema, "Usinifundishe kufuma."

Halafu nikahesabu wageni.
Lisbon mmoja. Adelaide mmoja. Toronto mmoja.
Saa za Nepali: wawili.
Mmoja ni mimi. Wa pili?
Mama hajui kufungua hata kalenda ya simu.
Nikafuata anwani ya mtandao, ikanifikisha Doha.

Yehang, kaka yangu. Mwaka wa sita sasa juu ya winchi.
Hajawahi kushika uzi isipokuwa wa tiara.
Nikampigia: "Simu yako ina saa mbovu."
Upepo ukavuma kwanza, na vyuma.
"Si mbovu," akasema. "Sijawahi kuibadilisha.
Nikishtuka usiku
nataka kujua kama ameshawasha moto."

Kwa hiyo saa kumi na robo alasiri,
jua la kule likiwa bado linachoma bati,
ukurasa wangu unamwambia saa moja jioni
naye anauamini.
Anazima sauti, anaficha uso,
anatazama mikono ya mama.
"Yule wa giza," mama humwita. "Ananyamaza vizuri."

Nilikuwa nimetengeneza kitufe:
*Je, saa hii siyo ya mahali ulipo?*
Kilikuwa kitufe kizuri, cha kijani.
Nimekifuta.

Jumamosi iliyopita, akikata nyuzi za pembeni,
mama aliuliza kile kisanduku cheusi
huko kiliko ni saa ngapi.

Saa moja, nikamwambia.
Kama sisi.